GMAT: Mtihani Unaomtaka Mtahiniwa Ajue la Kuacha

Asha alinunua maandazi ya shilingi 300 kila moja na chapati za shilingi 700 kila moja. Je, alinunua chapati ngapi? Unapewa taarifa mbili. Ya kwanza: alilipa jumla ya shilingi 2,300. Ya pili: maandazi na chapati kwa jumla vilikuwa vitano. Huombwi kutaja idadi ya chapati. Unaombwa useme ni taarifa ipi inatosha kuipata idadi hiyo: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zote mbili zikiunganishwa, yoyote kati ya hizo mbili, au hata zikiunganishwa bado hazitoshi.

Swali hili nimelitunga mwenyewe kwa mfano wa maswali ya GMAT, mtihani ambao shule nyingi kubwa za biashara duniani huutumia kuchuja waombaji wa shahada ya uzamili. Huwapa vijana wanaokuja kuniomba ushauri. Karibu wote hufanya jambo moja. Wanachukua kalamu, wanaandika x na y, wanapanga mlinganyo wa kwanza, wanapanga wa pili, kisha wanasema kwa kujiamini: zote mbili zikiunganishwa. Ndivyo tulivyofundishwa sekondari. Visivyojulikana vikiwa viwili, tafuta milinganyo miwili.

Lakini andazi haliuzwi robo. Ukishika shilingi 2,300 ukanunua chapati moja, zinabaki 1,600, na hizo hazigawanyiki kwa 300. Ukinunua chapati mbili zinabaki 900, maandazi matatu kamili. Ukinunua tatu zinabaki 200, hata andazi moja hupati. Bila chapati hata moja, 2,300 nazo hazigawanyiki kwa 300. Kwa hiyo chapati ni mbili, na taarifa ya kwanza imejitosheleza. Ya pili iliwekwa pale kumnasa mtu aliyezoea kupanga milinganyo kabla hajaitazama hali yenyewe.

Kwenye mtihani wa taifa, yule kijana wa x na y angepata alama zake za hatua, tena pengine zote. Kwenye GMAT anapata sifuri, na kompyuta haitamwambia kwa nini. Hapo ndipo ninapoliona tatizo la maandalizi kwa watu wetu. Bidii wanayo, na akili wanayo. Wanajiandaa miezi mitano, wanalala kwa saa nne tu usiku, lakini wanajiandaa kwa pepa nyingine kabisa, ile waliyoizoea tangu darasa la kwanza.

Tuutazame mtihani wenyewe kwanza. Ulizaliwa Marekani. Mwaka 1953 shule tisa za biashara zilikutana kutafuta kipimo kimoja cha kupima waombaji wao, na mwaka 1954 mtihani wa kwanza ukafanyika. Jina la GMAT lilikuja mwaka 1976. Mwaka 1997 ukahamia kwenye kompyuta na kuanza kubadilika kulingana na majibu ya mtahiniwa. Mabadiliko makubwa ya karibuni ni ya Novemba 2023: mtihani ulifupishwa hadi saa mbili na dakika 15, insha ikaondolewa, maswali ya kusahihisha sarufi ya sentensi yakaondolewa, na jiometri nayo ikaondolewa katika sehemu ya hesabu. Zimebaki sehemu tatu za dakika 45 kila moja. Hesabu ina maswali 21, lugha na hoja ina maswali 23, na sehemu ya data, ambamo mna majedwali, grafu na maswali ya aina ya yale maandazi ya Asha, ina maswali 20. Mtahiniwa huchagua mwenyewe aanze na sehemu ipi, na ana mapumziko ya dakika kumi akitaka.

Nimeyataja mabadiliko haya kwa sababu nimeona watu wakipoteza miezi. Kaka aliyefanya mtihani mwaka 2017 anampa mdogo wake vitabu vyake, kwa upendo kabisa, na mdogo anakesha na kanuni za sarufi ambazo hazitahiniwi tena. Hata alama zimebadilika. Mtihani wa zamani ulitoa alama kati ya 200 na 800, zikiishia na sifuri. Wa sasa unatoa kati ya 205 na 805, zikiishia na tano, na mizani yake ni tofauti: 645 ya leo inalingana takriban na 700 ya zamani. Kijana aliyepata 645 akaenda kuomba msamaha kwa wazazi wake kwamba hakufika 700 alikuwa na matokeo mazuri mkononi na hakujua.

Kwa nini basi mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Kigali ahangaike na kipimo cha Wamarekani? Sababu ninayoiona nzito ni ya cheti. Vyuo vikuu vya Tanzania hupima kwa GPA yenye kilele cha 5. Mtu mwenye 3.8 kwetu ana daraja la pili la juu, matokeo ya kuheshimika. Mwenzetu anayesoma maombi kule Marekani, ambako kilele ni 4, akiiona 3.8 bila maelezo anaweza kudhani ni maajabu, na akishajua kilele chetu ni 5 anaweza kudhani ni udhaifu. Mkenya naye ana daraja la kwanza linaloanzia asilimia 70, ambayo kwa macho ya Mmarekani ni alama ya kawaida tu. Msomaji wa maombi hajui chuo chako kinatoa alama kwa ukali gani, wala hajui kwamba darasani mlikuwa mia nne mkigombea vitabu vinne. GMAT inampa namba moja anayoielewa. Kwa mwombaji aliyetoka chuo kisichojulikana nje, namba hiyo inafanya kazi kubwa kuliko inavyomfanyia yule aliyesoma London.

Hilo lisitufanye tuutukuze. Mtihani huu unapima kitu chembamba: jinsi mtu anavyofikiri na hesabu, maneno na data chini ya saa inayokimbia. Haupimi uaminifu, haupimi kama unaweza kuongoza watu thelathini kiwandani. Waandaaji wenyewe huutangaza kama kipimo cha kukisia utakavyofanya darasani, zaidi katika mwaka wa kwanza. Ni haki kuuchukulia hivyo: lango la kupita, ukishapita usigeuke nyuma.

Sasa tuje kwenye kiini. GMAT ni mtihani unaokufuata. Ukijibu vizuri, swali linalofuata huwa gumu zaidi. Ukikosea, linalegea. Maana yake ni kwamba kila mtahiniwa, hata hodari, atakutana na maswali yanayomshinda, kwa sababu mashine inatafuta mpaka wake. Mwanafunzi wetu aliyezoea kuwa wa kwanza darasani anakutana na swali la tisa lisiloingilika na anapata hofu ambayo hajawahi kuipata. Anaona kufeli. Ukweli ni kwamba swali gumu linaweza kuwa dalili kwamba amefanya vizuri hadi hapo.

Hapo huanza balaa la dakika. Gawanya mwenyewe: dakika 45 kwa maswali 21 ya hesabu ni dakika mbili na sekunde nane hivi kwa kila swali. Mtu aliyeng'ang'ania swali moja kwa dakika sita ametumia muda wa karibu maswali matatu. Akilipata, amepata moja. Kisha maswali manne ya mwisho, ambayo mawili pengine angeyaweza kabisa, anayabahatisha kwa kubofya bila kusoma, au anayaacha wazi. Kuacha wazi kunaadhibiwa vikali kuliko kukosea.

Nilikaa siku moja na dada mmoja, mhasibu hodari wa kampuni ya uchukuzi, akifanya jaribio mezani kwangu. Niliweka saa ya simu mbele yangu bila kumwonyesha. Swali la saba lilihusu pampu mbili zinazojaza tangi kwa kasi tofauti. Dakika ya kwanza aliandika. Dakika ya pili alifuta. Dakika ya tatu alianza upya kwa njia ile ile. Dakika ya tano alikuwa ameuma mfuniko wa kalamu na hakuwa anaandika chochote. Dakika ya saba na sekunde arobaini alichagua jibu, nalo lilikuwa kosa. Nilipomuuliza kwa nini hakuliacha mapema aliniambia, "Ningeona aibu, mwalimu. Hesabu ya tangi ni ya kidato cha tatu." Aibu ile ilimgharimu maswali matatu ya mwisho, na alipoyafanya baadaye nje ya muda alipata mawili bila shida.

Kujua kuacha kunafundishika, na ni lazima kufanyiwe mazoezi kama kanuni ya hesabu. Mtihani wa sasa unasaidia. Unaweza kuweka alama kwenye swali lolote, ukifika mwisho wa sehemu na muda ukiwa umebaki unarudi, na unaruhusiwa kubadili majibu hadi matatu kwa kila sehemu. Kwa hiyo kuacha si kutupa. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: dakika moja ikipita na hujaona njia, yaani hujui hatua inayofuata ni ipi, ondoa majibu yasiyowezekana, chagua moja kati ya yaliyobaki, weka alama, songa. Mwanzoni utajisikia kama umesaliti shule yako. Baada ya majaribio matano utaona alama zinapanda bila wewe kujifunza kanuni mpya hata moja. Huyo dada alipanda hivyo hivyo.

Katika hesabu yenyewe, kinachotakiwa ni hesabu za sekondari: sehemu, asilimia, uwiano, namba tasa, vipeo, milinganyo, wastani, uwezekano kidogo. Hakuna kalkulasi. Kikokotoo hakiruhusiwi kwenye sehemu ya hesabu, kipo kwenye sehemu ya data tu. Aliyesoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, akaachana na hesabu tangu kidato cha nne ana kazi ya ziada ya miezi miwili hivi ya kurudisha misingi, na asione haya kuanzia na jedwali la kuzidisha. Masomo ya Khan Academy kwenye intaneti ni ya bure na yanatosha kwa kazi hiyo. Wahandisi nao wasibweteke. Wengi wao hukokotoa pale ambapo makadirio yangetosha. Ukiulizwa asilimia 19 ya 5,030 ni takriban ngapi, na majibu yaliyopangwa ni 610, 780, 955, 1,140 na 1,300, huna haja ya kuzidisha chochote. Asilimia 20 ya 5,000 ni 1,000, jibu liko chini yake kidogo, ni 955.

Lugha inaumiza zaidi, na hapa niseme wazi kwamba jambo hili huwa tunalipita kimya kwa sababu linagusa heshima ya mtu. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili, kisha sekondari akageuziwa kila kitu kwa Kiingereza. Anakijua Kiingereza cha notsi na cha barua za ofisini. Hajazoea kusoma aya nne ngumu kuhusu historia ya biashara ya pamba au tabia za nyuki na kujibu, ndani ya dakika mbili, mwandishi angekubaliana na lipi. Anasoma taratibu, anatafsiri kichwani, anarudi juu, na muda umekwisha.

Dawa yake ni kusoma, kila siku, kwa miezi, makala ndefu za kiuchumi na kisayansi zilizoandikwa vizuri. Hakuna njia ya mkato. Lakini usome kwa namna moja: ukimaliza kila makala, funga ukurasa na useme kwa Kiswahili, kwa sauti, mambo matatu. Mwandishi anadai nini? Ameleta ushahidi gani? Ameruka nini kutoka ushahidi hadi dai? Ukiweza kuyasema kwa Kiswahili umeelewa. Ukishindwa, ulikuwa unapitisha macho tu.

Swali la tatu kati ya hayo ndiyo roho ya maswali ya hoja. Mtahiniwa anapewa hoja fupi na kuulizwa ni jambo gani lingeidhoofisha au kuiimarisha. Mfano wa nyumbani: tangu lami ifike kijijini ajali zimeongezeka, kwa hiyo lami imesababisha ajali. Nini kinaidhoofisha? Habari kwamba magari na bodaboda yameongezeka mara tatu katika kipindi hicho hicho kwa sababu mgodi umefunguliwa karibu. Habari kwamba lami ilijengwa kwa viwango haigusi hoja hata kidogo, ingawa inavutia. Watu wetu si wageni wa mchezo huu. Aliyekulia kwenye baraza la kahawa, anayesikiliza mjadala wa Bunge akasema "sawa, lakini hapo ameruka", tayari anayo akili inayotakiwa. Anachokosa ni kuihamishia kwenye Kiingereza na kwenye dakika mbili. Nimewahi kuwashauri watu wafanye mazoezi ya hoja kwa kusikiliza redio jioni na kuandika pengo la kila msemaji. Ilisaidia kuliko nilivyotarajia.

Namna ya kusoma ndiyo inayotenganisha watu, kuliko idadi ya saa. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo kila mwalimu wetu angepaswa kulijua. Kundi moja la wanafunzi lilisoma maandishi mara nne. Lingine lilisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika lilichokumbuka, bila kurudi kusoma. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 61, na wale wengine asilimia 40. Anayerudia kusoma anajiona anaelewa sana usiku ule, na ndiyo maana hawezi kuiacha njia hiyo.

Kwa GMAT hili lina maana moja ya vitendo: daftari la makosa. Chukua kaunta buku, chora safu nne. Safu ya kwanza, swali. Ya pili, ulichofikiri ulipokosea, kwa maneno yako ya kweli: "nilidhani namba lazima iwe chanya", "sikusoma neno isipokuwa", "nilijua lakini nilichelewa". Ya tatu, ungetambuaje mapema. Ya nne, tarehe ya kulirudia swali hilo bila kuangalia jibu: baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu. Mtu mwenye maswali 300 yaliyochambuliwa hivi atamshinda aliyepitia 2,000 akihesabu kurasa. Nimeliona daftari moja ambalo baada ya miezi miwili lilionyesha kwamba kati ya makosa 94, makosa 37 yalitokana na kutosoma swali hadi mwisho. Mwenye daftari alikuwa amejiandikisha tuisheni ya hesabu. Hakuwa na tatizo la hesabu.

Muda wenyewe ni shida ya kweli kwa anayefanya kazi. Anayetoka Mbagala au Rongai alfajiri na kurudi saa mbili usiku hawezi kuambiwa asome kwa saa nne kila jioni. Inatosha kusoma kwa muda wa saa moja na nusu alfajiri, siku tano kwa wiki, na kwa saa nne Jumamosi kwa jaribio na uchambuzi wake, kwa miezi minne hadi sita. Jioni ubongo umechoka, na mtihani huu hauna huruma na ubongo uliochoka. Waajiriwa wenye watoto wadogo wazungumze na wenza wao mapema, kwa sababu miezi hiyo ni ya familia nzima.

Kuhusu tuisheni, sikatazi. Mwalimu mzuri anaokoa muda, hasa akikaa na daftari lako la makosa. Lakini kozi nyingi zinauza mbinu za haraka kwa watu wasio na misingi, na mbinu ya haraka juu ya msingi mbovu haishiki. Ninachokipinga waziwazi ni biashara ya "maswali yaliyovuja", maana tabia ya kusaka mtihani uliovuja tunaijua tangu shuleni. Mwaka 2008 tovuti iitwayo ScoreTop, iliyokuwa ikiwauzia watu maswali halisi ya GMAT, ilishindwa mahakamani Marekani na kuamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 2.3. Watahiniwa 84 walifutiwa alama zao.

Gharama nayo ichambuliwe. Kwa bei ya Marekani, GMAT ni dola 275 kituoni na dola 300 ukiufanyia nyumbani, na ada hutofautiana kwa nchi. Hiyo ni karibu laki saba za Tanzania, kabla ya nauli na malazi kwa anayetoka mkoani. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, hadi mara tano ndani ya miezi 12, lakini ni wangapi wetu wanaomudu hata mara mbili? Kwa hiyo ushauri wa vitabu vya Kimarekani, kwamba fanya mara ya kwanza uonje, kwetu haufai. Onja kwa majaribio ya bure, ingia ukiwa umeiva. Habari njema ni kwamba sasa unaiona alama yako kwanza ndipo unaamua itumwe shule zipi, na alama inadumu miaka mitano. Kijana wa mwaka wa mwisho chuoni, ambaye hesabu bado ni mbichi kichwani, anaweza kufanya sasa na kuomba shule baada ya miaka mitatu ya kazi.

Upo pia mlango wa pili, GRE, unaokubaliwa na shule nyingi za biashara. Tangu Septemba 2023 unachukua saa moja na dakika 58. Una insha moja, jiometri imo, kikokotoo kinaruhusiwa kwenye hesabu, na ndani ya kila sehemu unaweza kuruka swali na kurudi utakavyo. Ugumu wake ni msamiati. Kwa mtu mwenye hesabu dhaifu lakini msomaji mkubwa wa Kiingereza, GRE inaweza kumfaa. Kwa mhasibu au mhandisi mwenye Kiingereza cha ofisini, mimi ningemwelekeza GMAT. Fanya jaribio moja la bure la kila mmoja, wiki moja moja, kisha uchague na usibadili tena.

Alama ngapi zinatosha? Harvard iliwahi kutangaza 740 ya mtihani wa zamani kuwa alama ya katikati ya darasa lake. Watu huisikia namba hiyo wakaikatia tamaa ndoto yao, bila kufikiri maana ya alama ya katikati: karibu nusu ya walioketi darasani wako chini yake. Shule inaangalia pia kazi uliyofanya, barua za wanaokufahamu, insha zako na usaili. Ufadhili nao una masharti yake. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Mtu mwenye alama ya wastani na hadithi nzito ya kazi, labda aliyeijenga upya SACCOS iliyokuwa inakufa, ana nafasi kuliko mwenye alama ya juu asiye na la kusema. Ukishafika kiwango cha shule yako, acha mtihani, nenda kaandike insha. Kutafuta pointi kumi zaidi kwa miezi mitatu ni lile lile kosa la tangi na pampu, kwa sura kubwa.

Siku ya mtihani ina mitego midogo inayoumiza. Jina ulilojiandikishia lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye kitambulisho. Kwetu, ambako mtu ana jina la babu kwenye pasipoti, lisilokuwepo kwenye cheti cha chuo, na la ubatizo linalotokea pengine na pengine lisitokee, watu wamerudishwa mlangoni na ada ikapotea. Kituoni hupewi karatasi na penseli, unapewa kijibao cha kufutika na kalamu yake nzito, basi fanyia mazoezi kalamu ya namna hiyo nyumbani. Anayetaka kuufanyia nyumbani ajiulize kwa uaminifu kuhusu umeme na intaneti ya mtaa wake. Ukiweza kufika kituoni, nenda kituoni, na ulale mjini usiku wa kuamkia mtihani.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umeshapanga kulipia kozi mwezi ujao, subiri kidogo. Waandaaji wa GMAT wanatoa majaribio mawili kamili ya bure kwenye tovuti yao, mba.com. Jumamosi hii zima simu, mwambie mtu wa nyumbani asikuite, na ufanye la kwanza kwa saa mbili na robo bila kusimamisha saa. Ukipata 405, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, na chini yake anza kuorodhesha makosa yako.